Msiba wa Mtu Aliye Hai

Wiki jana tulimwacha Inspekta Zlatina Peeva ameganda mbele ya kituo cha polisi cha Gorna Lipa, kikombe cha kahawa kimemponyoka mkononi, macho yamenasa kwenye karatasi yenye ukingo mweusi iliyobandikwa mlangoni. Basi bado yuko palepale, na kahawa inamchuruzikia viatuni.

Karatasi kama hizo kwetu ziko kila nguzo, kila mlango wa ghorofa, kila kituo cha basi. Mtu akifa anabandikwa. Akitimiza siku arobaini anabandikwa tena, na mwaka ukifika vilevile. Watu wanazisoma wakienda dukani kama wengine wanavyosoma bei ya nyanya. Hakuna anayeshtuka.

Lakini hii ilikuwa na picha ya Sevda.

"Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha mama yetu mpendwa SEVDA ASENOVA, miaka 53. Mazishi leo Jumatano, saa tisa alasiri, makaburi ya mjini. Wafiwa."

Sevda! Aliyekuwa mfagizi wa kituo hichohicho. Sevda aliyeona kwa macho yake, mwezi wa pili, Sajini Kalchev akimpiga Ognian, kijana wa vyuma chakavu wa mtaa wa Sheker, mpaka roho ikamtoka kwenye chumba cha chini. Damu akaifuta yeye, kwa dekio lake mwenyewe. Taarifa ya polisi ilisema kijana aliteleza kwenye ngazi. Kesho, Alhamisi saa nne asubuhi, Sevda alikuwa asimame mbele ya jaji aseme nani alimtelezesha. Bila yeye faili linafungwa, basi tena.

Na hakuna aliyetakiwa kujua kwamba shahidi ndiye yeye.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Kalchev mwenyewe, mashavu mekundu, anatafuna mbegu za alizeti.

"Pole na msiba, dada inspekta," alisema. "Mama wa watu alikuwa msafi kweli. Alikuwa anapiga deki vizuri."

"Nani kabandika hii?"

"Wafiwa. Hujui kusoma?"

Zlatina aliikamata karatasi akaibandua kwa kucha. Nusu ikatoka, nusu ikabaki.

"He! Unachana tangazo la marehemu?" Kalchev alitema maganda chini. "Hiyo laana, dada. Halafu utachana ngapi? Zipo mpaka kwenye daraja."

Kweli. Zlatina alitazama barabara. Nguzo ya kwanza, Sevda. Nguzo ya pili, Sevda. Mlango wa duka la dawa, Sevda. Akaanza kukimbia.

Mtaa wa Sheker uko nyuma ya reli. Waroma, wale wanaoitwa pia Wajipsi, wanaishi huko miaka na miaka, na miaka yote hiyo polisi wakiingia huko wanaingia na virungu. Zlatina alikuwa wa kwanza kuingia na keki. Miezi minane amegonga milango, amekunywa kahawa za watu, ameandikia vikongwe barua za pensheni. Mpango wenyewe uliitwa Polisi Mpya, na Gorna Lipa nzima Polisi Mpya alikuwa mmoja tu, ndiye huyo anayekimbia na soli inayoteleza.

Alisikia vilio kabla hajafika. Wanawake wamejaa mbele ya geti la Sevda, vitambaa vyeusi kichwani, sufuria ya ngano ya kuchemsha tayari imenyunyiziwa sukari ya unga. Bisera, jirani wa ukuta mmoja, amekaa chini anajipiga mapaja.

"Alikuwa mzima jana!" Bisera alilia alipomwona. "Jana kaniazima chumvi! Wamemuua, Zlatina! Watu wako wamemuua!"

"Mwili uko wapi?"

"Hatujui! Tumesoma tu kwenye nguzo!"

 Kosa ni la Zlatina. Yeye ndiye aliyemshawishi Sevda, wiki tatu mfululizo, mpaka mama wa watu akatia saini. Alimwapia kwamba jina lake halitatoka.

"Kuna nini hapa?" sauti ikauliza nyuma yao. "Nani kafa?"

Wote wakageuka. Sevda amesimama na ndoo mbili, fagio kwapani, ndiyo kwanza anatoka kufagia ngazi za maghorofa.

Msomaji wangu, ungesikia mayowe! Mmoja alizimia. Mwingine aliruka ukuta na miaka yake sitini. Bisera alipiga ishara ya msalaba mara tano, kisha akamrushia Sevda ngano ya msiba usoni kuona kama itapita katikati.

"Una wazimu, Bisera?" Sevda alifuta sukari kwenye nyusi. "Nimeuliza nani kafa."

"Wewe!"

Walicheka, wakalia, wakamshikashika mikono. Kisha Sevda akapewa karatasi, akaisoma taratibu akifuata mistari kwa kidole, na kicheko chote kikaisha. Akamvuta Zlatina ndani, akafunga mlango.

"Picha hii umenipiga wewe."

Zlatina aliangalia sakafu.

"Nitazame. Blauzi ya Bisera hiyo, niliazima siku ile nije ofisini kwako. Sijawahi kupiga picha nyingine nayo. Ulisema ni ya faili. Ulisema faili linafungiwa kabatini."

"Nimelifungia mimi, Mama Rusi. Naapa."

"Sasa limetokaje? Limetembea?"

"Kuna mtu kafungua kabati."

"Polisi," alisema Sevda.

"Polisi," alikubali Zlatina, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Sevda aliketi juu ya ndoo. Mikono yake, iliyochubuliwa na dawa za sakafu, akaifungia kwenye aproni.

"Mimi kesho siendi. Nisamehe, mwanangu. Ognian ameshakufa, sitamfufua."

"Usipokwenda, na wewe umeshakufa. Wameshakitangaza kifo chako, bado kukitekeleza. Ukisema mbele ya jaji, inaandikwa, na kukugusa tena hakuna faida kwao. Ni kesho tu, Mama Rusi. Saa nne. Niamini mara moja tu."

"Kila mara unasema mara moja."

Lakini hakusema hapana tena. Zlatina alitoa simu, akampigia mtu mmoja aliyemwamini kwenye kituo kile, Komisa Radoslav Tenev, mkuu wake. Tenev ndiye aliyeuleta mpango wa Polisi Mpya. Ndiye aliyeagiza kamera, akapaka rangi mapokezi, akaweka sanduku la malalamiko. Mzee wa sauti ya upole, hajawahi kumkaripia mtu.

"Afande, wamevujisha faili. Sevda yupo hai, niko naye."



"Ashukuriwe Mungu," alisema Tenev. "Sikiliza, binti yangu. Mfiche. Usiniambie hata mimi unampeleka wapi. Simu yake izimwe, wanaweza kuifuatilia. Na hao majirani wafunge midomo. Anayeuliza, waseme msiba upo. Wacha waliobandika waamini wametisha watu. Kesho utawatolea shahidi kama mfufuka."

Zlatina alitamani kumbusu mkono. Kumbe polisi mwema yupo, tena ndiye mkubwa wao!

Akatoka kwa majirani, akawaambia hivyohivyo. "Mtu yeyote akiuliza, hata awe nani, msiba upo. Awe mwenyeji, awe mgeni, awe ndugu. Mmenielewa? Maisha yake yako midomoni mwenu."

"Tudanganye kuhusu mauti?" Bisera alinuna. "Hiyo si nzuri."

"Mpaka kesho saa nne tu."

Sevda akazima simu mbele yao wote. Akavikwa kitambaa cheusi, akatolewa mlango wa nyuma kama mfiwa wa msiba wake mwenyewe.

Zlatina alimficha nyumbani kwake, ghorofa ya sita, jengo la paneli za zege karibu na soko. Akamwambia apumzike. Dakika kumi baadaye akamkuta amepiga magoti anasugua jiko.

"Mama Rusi, acha bwana."

"Niache. Nikikaa nitafikiri."

Wakala mkate na jibini. Sevda hakumaliza kipande.

"Leo Jumatano," alisema. "Rusi mwanangu hunipigia Jumatano mchana, wakipumzika kazini."

"Bado yuko Ugiriki?"

"Anachuma zeituni. Yule hawezi kurudi, wewe unajua. Wana hati yake ya kumkamata, zile nyaya za reli alizoiba na wenzake miaka minne iliyopita. Hata Krismasi haji. Namwona kwenye simu tu, kanenepa." Akatabasamu kidogo. "Nimpigie dakika moja, nimwambie nipo?"

"Simu ikiwashwa tu, watakujua uliko. Akikukosa leo, atapiga kesho. Atafikiri umeme umekatika."

Sevda alitazama simu iliyokufa mezani, akaigeuza kifudifudi.

"Atafikiri umeme," alirudia.

Msomaji wangu, wewe umeshaona. Mimi niliona. Zlatina, ambaye alisomea mambo haya miaka minne kwenye chuo cha polisi, hakuona kitu. Alikuwa amefurahi mno kwamba bosi wake ni mtu mzuri.

Saa tisa kasoro robo simu yake ikalia. Alikuwa jikoni peke yake, Sevda anafua mapazia bafuni.

"Zlatina, mwanangu," ilikuwa sauti ya Bisera, ya kunong'ona. "Nimefanya kama ulivyosema. Lakini moyo unaniuma."

"Umefanya nini?"

"Rusi kapiga. Kapiga mara saba tangu asubuhi. Kuna mtu kampigia picha tangazo akamtumia, yeye kampigia mama yake, simu imezimwa. Akanipigia mimi, kaniuliza, Bisera, ni kweli? Nami nikamwambia..." Akaanza kulia. "Nikamwambia msiba upo. Wewe ulisema hata ndugu! Nimesikia mtoto wa kiume wa miaka ishirini na sita analia kama anachinjwa. Saa nne asubuhi alikuwa ameshapata gari. Amevuka mpaka saa nyingi."

 Zlatina akashika ukingo wa sinki.

Sasa akaona. Ile karatasi haikuwa ya kumtisha Sevda hata kidogo. Ilikuwa barua ya kumwita Rusi. Nani asiyejua kwamba kwetu mtu anaweza kukosa harusi yake, lakini mazishi ya mama hakosi, hata polisi wote wa nchi wamsubiri? Na yeye, Inspekta Zlatina Peeva, ndiye aliyeupigilia msumari wa mwisho. Zima simu. Semeni msiba upo.

Alishuka ghorofa zote sita kwa ngazi bila kungoja lifti.

Makaburi ya mjini yako juu ya kilima. Alipofika getini pumzi zimekatika, alimwona. Kijana mpana, shati jeusi la kuazima, viatu vyenye udongo wa shambani. Mkononi ameshika maua sita meupe, sita kamili, kwa kuwa ya marehemu hayahesabiwi witiri. Alikuwa anasoma majina kwenye makaburi mapya, moja baada ya jingine.

"Rusi!" Zlatina aliita. "Rusi, kimbia!"

Kijana aliinua uso. Macho yamevimba.

"Dada, samahani, nimechelewa. Wamemzika upande gani?"

"Hajafa! Mama yako mzima! Kimbia, toka hapa!"

Hakukimbia. Nani angekimbia? Alisimama, mdomo wazi, kisha akacheka. Alicheka kwa sauti, akakaa juu ya jiwe la kaburi la mtu, akaficha uso kwenye maua.

"Mzima?" alisema. "Sema tena."

"Mzima! Rusi, nakuomba, inuka!"

Milango ya gari ikafunguliwa nyuma ya ukuta. Kalchev na wenzake wawili walitembea tu, bila haraka, kama watu waliokuja kuangalia shamba lao. Pingu zikalia. Rusi hakupigana. Alikuwa bado anatabasamu.

"Mwambie nimekuja," alimwambia Zlatina. "Mwambie nilikuja mbio."

"Umefanya kazi nzuri, dada inspekta," Kalchev alisema, akaokota ua moja akaliweka mfukoni mwa shati. "Siku hizi unatusaidia kukamata. Hongera."

Komisa Tenev alikuwa ofisini kwake anamwagilia ua dirishani. Alimsikiliza Zlatina mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Hati ya kumkamata ni halali," alisema. "Ina saini ya jaji. Ulitaka nifanyeje, tuvunje sheria? Polisi Mpya haivunji sheria."

"Afande, ile karatasi ilimvuta kwa hila!"

"Karatasi hazina sheria. Mtu yeyote anaweza kubandika."

"Na picha?"

Tenev aliweka chini kopo la maji. Akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtia Zlatina baridi.

"Kabati lina funguo mbili," alisema. "Mmoja unao wewe."

Zlatina alisikia maneno, akayaelewa, na bado akabaki amesimama anasubiri yabadilike. Simu izimwe. Majirani wafunge midomo. Usiniambie hata mimi. Alikuwa amemtii neno kwa neno.

"Kwa nini?" alisema. "Wewe ndiye uliyeanzisha haya yote."

"Ndiyo maana. Tume inakuja kutoka makao makuu, Sofia, wiki ijayo. Wanataka kuona mtaa umetulia na kituo kisicho na doa. Kalchev ana wenzake kumi na mmoja. Nikimtoa yeye, nabaki na kituo kisicho na askari, na mtaa unaotaka kichwa cha pili, halafu cha tatu. Nimelea mpango huu miaka mitatu, Zlatina. Sikubali ufe kwa sababu ya kijana mmoja wa vyuma chakavu."

"Una roho kweli wewe?"

"Rusi yuko chumba cha chini," alisema Tenev, sauti ileile ya upole. "Mwambie mama yake. Zile ngazi hatujazitengeneza bado. Mtu anaweza kuteleza."

Zlatina alitoka bila kusaluti. Alikimbia mpaka nyumbani, akipanga njiani atamwambiaje Sevda, aanzie wapi. Hakuhitaji. Mlango ulikuwa wazi. Mapazia yaliyofuliwa yananing'inia, yanatona maji. Simu ya Sevda haikuwepo mezani.

Alikuwa ameiwasha. Huenda alivumilia mpaka saa kumi, akashindwa, na habari za mwanawe zikamfikia. Zlatina alimpigia. Ikaita, ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Ya tatu ikapokelewa.

"Mama Rusi, uko wapi? Nisikilize..."

"Nimekusikiliza wiki tatu," alisema Sevda, na simu ikakata.

Sheker wakamfungia milango. Bisera alimjibu kwa ndani ya geti kwamba Bisera hayupo, na Bisera ndiye aliyekuwa anaongea. Zlatina alibaki barabarani jioni ile, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye sare, akagonga nyumba kumi na nne alizowahi kunywea kahawa. Hakufunguliwa hata moja.

Alhamisi, saa nne asubuhi.

Ukumbi wa mahakama umejaa mpaka ukutani. Safu ya pili wamekaa watu wa Sheker, katikati yao mama yake Ognian, amevaa nyeusi kutoka kichwa hadi viatu, picha ya mwanawe imebanwa kifuani kwa pini. Safu ya mbele Komisa Tenev, tai ya bluu. Mlangoni anasimama askari wa ulinzi wa siku hiyo, naye ni Kalchev. Ndiyo, Kalchev. Mtu ambaye hajashtakiwa anapangiwa zamu kama wengine.

Sevda aliingia. Alipita karibu na Zlatina bila kumtazama, kisha akarudi hatua moja.

"Wameniruhusu nimwone Rusi dakika mbili," alinong'ona. "Jino moja wameshalitoa. Akaniambia, mama, uko hai, akacheka na damu mdomoni. Wewe ndiye uliyesema nizime simu."

"Sema ukweli, Mama Rusi," Zlatina alinong'ona. "Nitamtoa mwanao. Sijui vipi, lakini nitamtoa."

"Unaona?" alisema Sevda. "Hata sasa unaahidi."

Akaapishwa. Jaji, mama mmoja mwenye mafua, akapenga, akavaa miwani.

"Shahidi, tarehe kumi na nne mwezi wa pili, saa tisa alasiri, ulikuwa kituoni?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nadeki korido ya chini."

"Ulimwona marehemu?"

"Nilimwona. Aliletwa akiwa mzima. Hakuteleza. Alipigwa."

Sheker wote wakavuta pumzi pamoja. Zlatina akafumba macho. Amesema! Masikini mama wa watu, amesema! Alihisi machozi yanamlenga.

"Alipigwa na nani?" aliuliza jaji. "Kama yupo humu ndani, mwonyeshe."

Mkono wa Sevda ulinyanyuka.  Ulipita mlangoni kwa Kalchev bila kusimama. Ulipita safu ya mbele. Ukasimama.

"Yule," alisema. "Inspekta Zlatina Peeva."

Kelele ikalipuka. Jaji akagonga meza. Zlatina alitazama safu ya mbele, akaona Tenev anakunjua leso, anajifuta midomo. Basi ndiyo hesabu yake. Sheker walitaka kichwa, na amewapatia kimoja kisicho na wenzake kumi na mmoja.

"Inspekta Peeva, simama," alisema jaji. "Daftari la zamu la siku hiyo ninalo hapa. Ulikuwa wapi saa tisa alasiri?"

Kuna jambo sijawaambia, wasomaji wangu. Tuko naye wiki ya kumi na moja sasa, na kila mara nikitaka kuwaambia, Zlatina ananizuia. Leo hana pa kujificha, na mimi sina.

Siku ile mapokezi yalikuwa zamu yake. Mlango wa chumba cha chini uko hatua tisa kutoka kwenye meza ya mapokezi. Sauti ya kwanza alidhani ni kiti kimeanguka. Ya pili alijua si kiti. Ya tatu iliita mama. Zlatina alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Walikuwa wanatangaza hali ya hewa, theluji milimani, tahadharini madereva. Aliisikiliza mpaka mwisho. Sevda alipita na ndoo, akamwona mkono ukiwa bado kwenye kitufe. Hawakuwahi kulizungumza. Na ile miezi minane yote ya kugonga milango Sheker, keki, kahawa, barua za pensheni, ilitoka kwenye mkono ule.

"Inspekta, nauliza mara ya mwisho."

Akisema Sevda ni mwongo, Rusi hatoki chumba cha chini kwa miguu yake. Akinyamaza, Kalchev ataendelea kutafuna alizeti mlangoni mpaka astaafu. Zlatina alimtazama Sevda, na kwa mara ya kwanza siku ile Sevda alimtazama yeye. Hakukuwa na chuki machoni mwake. Alikuwa anamwomba.

"Nilikuwepo," alisema Zlatina.

Karani akaandika. Zlatina akavuta pumzi aendelee, kwa kuwa lile lilikuwa neno la kwanza tu na nyuma yake yalikuwepo mengine, redio, ngazi, jina la mpigaji. Lakini mama yake Ognian alikuwa ameshasimama, na ukumbi wote ukasimama naye, na katika mayowe yale hata angepiga tarumbeta asingesikika. Picha ya Ognian ilichomolewa kifuani, ikamfikia Zlatina usoni, pini kwanza.

"Ulikunywa kahawa yangu!" mama alikuwa anapiga kelele. "Ulikaa kitandani pake ukanywa kahawa yangu!"

"Askari," aliita jaji, akigonga na kugonga. "Mfunge pingu, mteremshe chini, ngazi za nyuma."

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Kalchev.

Akamshika Zlatina kiwiko kwa adabu kabisa, akamtoa kwa mlango wa nyuma, akaufunga.